Barafu ya Greenland na Maji ya Bamvua

Katika somo langu la kwanza kuhusu barafu huweka mezani bilauri mbili zilizojaa maji hadi ukingoni. Katika ya kwanza vipande vya barafu vinaelea. Juu ya ya pili nimelaza chujio lenye vipande vingine. Barafu ikishayeyuka, bilauri ya kwanza haijamwaga hata tone, kwa kuwa kipande kinachoelea kilikwisha kusukuma maji yenye uzito sawa na wake, ilhali ya pili imefurika na kulowesha meza. Hiyo ndiyo tofauti kati ya barafu inayoelea katika bahari ya Aktiki na ile ya Greenland na Antaktika, iliyolala juu ya nchi kavu.

Barafu inayoelea ina kazi yake kubwa, maana weupe wake hurudisha angani mwanga wa jua ambao bahari tupu ingeufyonza. Hata hivyo, kinachotuhusu zaidi watu wa pwani ni ile ya nchi kavu. Ya Greenland, yenye unene unaozidi kilomita 3 mahali pengine, ingeyeyuka yote ingeinua bahari kwa takriban mita 7. (Barafu ya Kilimanjaro, ambayo tuna haki ya kuionea uchungu, ni ndogo mno kuweza kuongeza maji ya bahari kwa kiasi cha kuonekana.)

Jambo ambalo wengi hulipokea kwa mashaka ni kwamba barafu hiyo, kwa uzito wake, huyavuta maji ya bahari yaliyo kandokando yake, kama mwezi unavyoyavuta yakajaa na kupwa. Inapopungua, mvuto huo hulegea na maji husambaa, hata bahari iliyo jirani na Greenland ikashuka, huku maeneo ya mbali, yakiwemo ya ukanda wa ikweta, yakipata ongezeko linalozidi wastani wa dunia. Mvuto huo hupimwa na satelaiti mbili zinazofuatana kwa umbali wa takriban kilomita 220: ya mbele ikikaribia penye uzito mwingi huvutwa kidogo na kuiacha ya nyuma. Jozi ya kwanza ilirushwa mwaka 2002, na vipimo vinaonyesha kuwa Greenland imekuwa ikipoteza wastani wa tani bilioni 270 hivi kila mwaka.

Tangu 1993 uso wa bahari duniani umepanda kwa takriban sentimita 10, kwa sehemu kwa sababu maji yakipata joto hutanuka, na kwa sehemu kubwa zaidi kwa sababu ya barafu ya nchi kavu. Siku za maji mafu kipimo hicho hakimshtui mtu wa Lamu wala wa Pemba. Siku za bamvua, upepo ukiwa unasukuma mawimbi ufukweni, hizo sentimita 10 huyapandisha maji ya chumvi hadi kwenye mashamba ya minazi na visima ambavyo hayakuwa yakivifikia.