Ramani ya Shanghai yenye majina ya Kifaransa huenda ni ya wakati wa vita

Wengi huamini kwamba ramani ya mitaa ya Shanghai yenye majina ya Kifaransa ni ya kabla ya Wajapani kuuteka mji mwaka 1937. Dhana hiyo inaeleweka, ila mji haukutekwa wote kwa mkupuo mmoja. Mwaka ule zilitekwa sehemu za Wachina. Eneo la kimataifa, lililotawaliwa na wageni, Wajapani waliliingia Desemba 1941. Avenue Joffre, barabara kuu ya eneo lililotawaliwa na Wafaransa, ilibaki na jina hilo hadi 1943, ilipoitwa Taishan. Mimi huitafuta barabara hiyo kwanza kwenye ramani. Kisha soma mwaka uliochapwa pembeni: ukiwa wa Kijapani, wa Showa (enzi ya mfalme Hirohito), ongeza 1925, ukiwa wa Jamhuri ya China, ongeza 1911. Showa 17 ni 1942, vita vikiwa vimepamba moto.