Je, wajua kwa nini ndege ya Mwanza–Bukoba huchukua robo tatu ya saa?

Tukiwa tunasubiri ndege ya Bukoba pale uwanja wa Mwanza, mpwa wangu wa darasa la sita alinibana kwa hesabu. "Mjomba, ndege hii inakwenda kilomita 500 kwa saa, na Bukoba ni kilomita 175. Si dakika 21 tu? Mbona tiketi inasema 45?"

Hesabu yake haikuwa na kosa. Kilomita 175 ndio umbali wa kukata ziwa moja kwa moja. Gari linalopita Daraja la JPM, lile la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, kisha Geita na Muleba, hula kilomita 400 na ushee kwa sababu barabara inalizunguka ziwa. Meli nayo husafiri usiku kucha.

Ila kilomita 500 kwa saa ni mwendo wa ndege ya panga boi ikiwa imeshatulia juu, na katika safari fupi hivi haitulii sana. Chukua rubani anayepanda hadi futi 14,000. (Anayeelekea magharibi hupewa kimo cha shufwa, anayerudi mashariki hupewa witiri, wasikutane uso kwa uso. Utaratibu huu naupenda mno.) Mwanza yenyewe iko futi 3,800 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo zimebaki futi 10,000 za kupanda. Ni kazi ya dakika kama 10, kwa mwendo wa kilomita 300 hivi kwa saa: kilomita 50 zimekwisha.

Kushuka nako kunataka nafasi. Kwa kila futi 1,000 marubani hutenga maili 3 za baharini, yaani kilomita 5 na nusu. Futi 10,000 zinameza kilomita 55. Sasa toa: katika zile 175 zimesalia 70 tu za kwenda kwa kasi kamili, dakika 8 au 9. Ukikaa dirisha la kushoto na anga likiwa safi, visiwa vya Kome na Maisome vinapita huko chini, na kabla hujavishiba masikio yanaanza kuziba. Mnashuka.

Halafu saa ya ratiba haianzi magurudumu yanapoacha lami. Inaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inaposimama upande wa pili. Ongeza kuzunguka ili kutua ikiukabili upepo.

Na kuna ziwa lenyewe. Usiku nchi kavu hupoa upesi, maji yakabaki na joto. Pepo za nchi kavu hutoka kila pwani, zikakutana katikati ya ziwa na kuisukuma juu hewa yenye unyevu, na hapo ndipo mawingu ya radi hujengeka hadi alfajiri. Rubani huyakwepa hata kama ni kwa kuzunguka mbali, na abiria anayenung'unika kwa dakika hizo namsihi avumilie.

Nilimwambia mpwa wangu alinganishe na Dar es Salaam: kilomita 850 hivi kutoka Mwanza, karibu mara 5 ya Bukoba, ilhali ndege ya jeti hutumia saa moja na nusu hivi, mara 2 tu ya muda wetu. Alinyamaza kidogo, akageuza tiketi na kuanza kukokotoa upya nyuma yake.