Je, wajua kwa nini saratani ya tumbo hupimwa protini ya HER2?

Kipimo cha kamera kikishafanyika na kinyama kilichokatwa tumboni kikathibitika kuwa na saratani, na ugonjwa umeshasambaa, daktari huagiza kinyama hichohicho kipimwe tena. Safari hii anatafuta HER2.

Hii ni protini ya kwenye utando wa seli, inayosaidia kupitisha amri ya kukua na kugawanyika. Seli yenye afya inayo kidogo. Kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa saratani ya tumbo, jeni yake imejirudufu, protini imezidi, na amri haikomi.

Basi mwenye HER2 nyingi hufariki mapema? Kwenye saratani ya matiti, kabla dawa yake haijapatikana, ilikuwa dalili mbaya waziwazi. Kwenye tumbo tafiti zimepishana: nyingine zimeona wagonjwa hao wakiishi muda mfupi zaidi, nyingine hazikuona tofauti. Kwa maoni yangu, majibu ya kipimo hiki yasimvunje mtu moyo, maana kazi yake kubwa ni kuonyesha nani atafaidika na trastuzumab, kingamwili inayoing'ang'ania HER2.

Utafiti wa ToGA, uliochapishwa 2010, ulifuatilia wagonjwa 584 wa nchi 24. Kwa waliopewa kemotherapi peke yake, nusu yao walivuka miezi 11.1 wakiwa hai; walioongezewa trastuzumab, nusu walivuka 13.8. Kati ya hao wa trastuzumab, wenye protini nyingi hasa walifika 16. Waliokuwa na jeni nyingi lakini protini kidogo hawakupata nafuu ya maana, kwa hiyo kiasi cha protini ndicho kinachoamua.

Kukipima kiasi hicho kunahitaji jicho lililozoea. Maabara hupaka kinyama rangi inayogeuka kahawia palipo na HER2, kisha hutoa alama kuanzia 0 hadi 3+. Ikiwa 2+, jeni nayo hupimwa. Kwenye titi, kahawia huizunguka seli yote. Kwenye tumbo, upande unaotazama uwazi wa tezi mara nyingi haushiki rangi, hivyo seli huonekana kama herufi U. Anayesubiri duara kamili atasema hakuna kitu, na mgonjwa atakosa dawa iliyokuwa haki yake. Isitoshe, HER2 ya tumbo hukaa kwa mabaka, sehemu moja ya uvimbe inayo na ya jirani haina, ndiyo maana hushauriwa vikatwe vinyama sita hadi vinane, sehemu tofauti za uvimbe.