Uwezo wa ekseli si uwezo wa trela

Kila mara nasikia wenye matrela ya kulala wakisema: "Nimefunga ekseli nzito na tairi za daraja E, sasa trela langu linabeba tani zaidi." Kazi yenyewe huenda ilikuwa nzuri. Maneno hayo ndiyo yenye hatari.

Uwezo wa kubeba ni uzito wa juu ulioidhinishwa na mtengenezaji, ukitoa uzito wa trela tupu. Kinachobaki ni chako: maji, betri, vyombo, nguo.

Sasa tazama hesabu. Trela limeandikwa uzito wa juu wa kilo 3,200 kwenye bamba lake, kile kibati cha mtengenezaji, na tupu lina kilo 2,600. Una kilo 600 za mzigo. Ukatoa ekseli mbili za kilo 1,588 kila moja, ukafunga za kilo 2,359. Bamba bado linasema 3,200. Na kwa kuwa ekseli nene, habu zake (vitovu vya magurudumu) na breki zake kubwa zina uzito wake, tuseme zimeongeza kilo 50, mzigo unaoruhusiwa umeshuka hadi 550. Umetumia fedha, na kwa hesabu ya bamba umepoteza nafasi.

Hili huwaudhi watu, lakini lina sababu. Ekseli inajibu swali moja tu: yenyewe itahimili kiasi gani? Haisemi lolote kuhusu chesisi iliyo juu yake, mahali springi zilipofungiwa, viungo vya kuchomelea, wala kichwa kinachoshika gari linalovuta. Sehemu ya uzito, mara nyingi asilimia 10 hadi 15, haikai hata kwenye ekseli. Inalala kwenye ndoano ya gari linalovuta, nalo lina kikomo chake. Chesisi iliyopigiwa hesabu ya kilo 3,200 haipati chuma kipya kwa sababu chini yake kumefungwa kitu kinene.

Tairi nazo zina mtego wake. Daraja ni herufi inayoonyesha uwezo wa tairi kubeba, na psi ni kipimo cha upepo wake. Tairi ya trela ya saizi ST225/75R15 ya daraja D hubeba kilo 1,150 ikijazwa upepo wa psi 65. Ya daraja E hubeba kilo 1,285 ikijazwa psi 80. Namba hiyo kubwa inapatikana kwa upepo huo tu. Ukiacha psi 65 kwenye tairi ya E, zile kilo za ziada hujazipata. Na kabla ya kujaza 80, hakikisha rimu na vali zimetengenezwa kuhimili hivyo. Zipo rimu zisizohimili.

Sisemi usibadilishe. Ekseli na tairi zinazofanya kazi chini ya kikomo chake hupata joto kidogo, na joto ndilo linalopasua tairi nyingi barabarani. Breki kubwa pia ni faida halisi. Kama trela lako huwa karibu na kikomo kila safari, mabadiliko haya ni ya busara.

Ila yaite kwa jina lake: umeongeza akiba kwenye ekseli na tairi. Ukitaka trela lenyewe libebe zaidi, muulize mtengenezaji kama chesisi hiyo inaweza kukaguliwa na kupewa bamba jipya; wapo wanaokubali. Hadi upate jibu lake, pakia kwa namba iliyoandikwa, na upitishe trela kwenye mzani likiwa limejaa kama linavyosafiri.