Siku 21, roho ya chuma na mengine tunayodanganyana kuhusu nidhamu

Nimechoka kuona vijana wa hapa kwetu Mombasa wakijilaumu kwa kushindwa na kitu ambacho hakikuwa kweli tangu mwanzo. Mtu anaangalia video za motivesheni usiku kucha, asubuhi anasema mimi sasa nimebadilika, nitaamka saa 11 alfajiri, nitasoma, nitaenda jimu, nitaweka akiba, nitaongea kama kiongozi, wiki mbili zikipita ashaacha vyote na anakwambia "mimi sina nidhamu, nimezaliwa hivi." Hapana, hukuzaliwa hivyo. Umepewa maelezo mabovu. Na maelezo hayo ni mengi, wacha niyapitie, yale makubwa nikae nayo zaidi.

"Fanya kitu siku 21 mfululizo, kitakuwa tabia"

Hii ndiyo dhana maarufu kuliko zote, na asili yake yajulikana. Kuna daktari wa upasuaji wa sura kule Marekani, Maxwell Maltz, mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa aliowarekebisha pua au uso walichukua kama siku 21, kwa uchache, kuzoea sura yao mpya kwenye kioo. Kwa uchache! Na alikuwa anazungumzia pua. Watu wakaichukua ile namba, lile "kwa uchache" wakalitupa, na sasa namba inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kama vile ni sheria.

Waliokaa chini wakapima hasa ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, utafiti wao ulitoka 2010. Walichukua watu 96, kila mmoja akachagua jambo moja dogo la kila siku, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha usiku, wakawafuatilia wiki 12. Wastani wa siku mpaka jambo lifanyike lenyewe bila kujilazimisha ulikuwa 66. Lakini wa haraka zaidi alichukua 18, na wa polepole zaidi alikadiriwa angehitaji 254. Yaani wewe na rafiki yako mnaweza kuanza siku moja, yeye azoee mwezi huu na wewe mpaka mwakani, na hakuna aliye mvivu kati yenu.

Na kuna jambo jengine walilogundua ambalo natamani kila mtu alijue: kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Watu wengi hawaachi kwa sababu jambo ni gumu, wanaacha kwa sababu Jumanne walilala wakapitiliza, wakaona basi, hesabu imevunjika. Haijavunjika. Jumatano unaendelea, yamekwisha.

Isitoshe sisi watu wa Pwani tuna ushahidi wetu wenyewe. Ramadhani ni siku 29 au 30. Kama siku 21 zingekuwa zatosha, basi ikifika Mfungo Mosi, mwezi unaofuata, kila mtu hapa angekuwa bado anaamka usiku, na msikiti alfajiri ungejaa kama ulivyojaa lile kumi la mwisho. Sote twajua inavyokuwa. Na si kwamba imani imepungua, nisieleweke vibaya, ni kwamba mwezi ule mji mzima unajipanga upya kwa ajili yako: hoteli nyingi zinafunga mchana, mama anakugongea mlango wa daku, magharibi harufu ya sambusa na bajia inakukuta kila kichochoro Mji wa Kale, wakati wa tarawehe jirani anakupitia mnakwenda pamoja. Hujisukumi, unasukumwa. Mwezi ukiandama vyote hivyo vinaondoka usiku mmoja unabaki wewe na simu yako. Kwa hivyo mtu anayetaka jambo lake lidumu ajiulize ni nini hasa kilichokuwa kikimshikilia, kisha akitengeneze upya hata kama ni kidogo, yule jirani wa tarawehe si bado yuko? Mwambie mkutane alfajiri Jumatatu na Alhamisi, tuseme.

"Wenye nidhamu wana roho ya chuma"

Hapa ndipo watu wanapojiumiza sana. Wanadhani kuna binadamu ambaye kila dakika anapigana na nafsi yake na kila dakika anashinda.

Mwaka 2012 Wilhelm Hofmann na wenzake walitoa matokeo yao kuhusu watu wazima 205 kule Ujerumani, waliopewa vifaa vya kubeba mfukoni na kuulizwa mara kwa mara kwa siku kadhaa, sahii una hamu ya kitu gani, na je unajizuia? Wale waliopimwa kuwa na nidhamu kubwa hawakuwa wakipigana zaidi. Walikuwa wakipigana kidogo, manake vishawishi vyenye matatizo viliwapata kwa uchache. Maisha yao yamepangwa kiasi kwamba vita vyenyewe havitokei mara nyingi.

Kuna mama anauza viazi karai upande wa Kisauni, nimemtazama mara nyingi jioni anavyofunga kazi. Kabla hajaitoa karai jikoni, kabla hata hajajua faida ni ngapi, anahesabu pesa ya viazi vya kesho, ya unga wa ngano na mafuta, anaifunga kwenye nailoni na kumpa mwanawe apeleke dukani kwa mwenye mzigo usiku ule ule. Halafu ndio anakaa kuhesabu iliyobaki. Nikamuuliza kwa nini asilipe asubuhi kama wenzake, akanambia, "Ikilala nyumbani mwanangu, italiwa." Hajidai kuwa na roho ngumu. Anajua pesa ikilala kwake kutatokea ada, kutatokea mgonjwa, kutatokea mchango wa harusi, na hataweza kusema hapana, basi anaitoa njiani kabla hayo hayajafika.

Wengi wataniletea ule mtihani wa Walter Mischel wa chuo cha Stanford, wa watoto wadogo walioachwa na peremende laini na kuambiwa ukingoja utapewa mbili. Unasimuliwa kama ushahidi kwamba mtoto mwenye subira amezaliwa kufanikiwa. Lakini watoto walioweza kungoja vizuri wengi wao walikuwa wakijipumbaza, wanaimba, wanafunika macho, wanageuka kando ili wasiione. Ni ujanja, na ujanja unafundishika. Na mwaka 2018 watafiti wengine waliporudia wazo hilo kwa watoto zaidi ya 900, ule uhusiano kati ya kungoja na kufaulu baadaye ukatoka mdogo zaidi, na walipohesabu hali ya nyumbani kwa mtoto ukapungua tena sana.

Lakini unaonigusa mimi zaidi ni wa Celeste Kidd, wa 2013. Kabla ya mtihani, watoto wengine walikutanishwa na mtu mzima aliyewaahidi vifaa vizuri vya kuchorea na akavileta kweli, wengine wakaahidiwa na hakuna kilicholetwa. Wa kwanza walingoja kwa wastani kama dakika 12. Waliodanganywa, kama dakika 3. Mtoto aliyezoea ahadi za uongo ana sababu ya kutongoja. Sasa wewe mzazi au mwalimu au mkubwa wa kazi unayelalamika kwamba vijana hawana subira, angalia kwanza umewaahidi mara ngapi ukatimiza. Na wewe mwenyewe vile vile, ukijiahidi mambo kumi kila Januari na hutimizi hata moja, nafsi yako nayo inajifunza kutokuamini.

"Ukitaka kufika, jitegemee mwenyewe"

Mfano unaotolewa kila siku ni Eliud Kipchoge. Sawa, tumuangalie. Mwaka 2012 alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London, mtu aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003. Mwaka uliofuata akahamia marathoni. Tarehe 12 Oktoba 2019 kule Vienna akamaliza kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40. Siku hiyo waliandaliwa wakimbiaji wenzake 41 kumkinga na upepo kwa zamu, gari mbele likimulika mstari wa kasi barabarani, mtu wa baiskeli akimletea maji. Ndiyo sababu mojawapo haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, na hilo halimpunguzii chochote. Nalisema kwa sababu ikiwa mwenye nidhamu inayosifiwa dunia nzima alikubali kusaidiwa kiasi hicho, wewe unayesomea CPA, ile mitihani ya uhasibu, huku unafanya kazi bandarini waona haya gani kumwomba dadako akukalie na watoto saa mbili?

Kuhusu kuandika malengo nitapita haraka. Utaambiwa kwamba kwenye chuo cha Yale kule Marekani mwaka 1953 asilimia 3 ya wanafunzi waliandika malengo yao, na miaka 20 baadaye walikuwa na mali kuliko wale wengine wote wakijumlishwa. Utafiti huo haukufanywa, umetafutwa na haupo. Andika kama wapenda, kuandika si kubaya, ila kilichoonekana kusaidia kwa kweli ni kujiwekea lini na wapi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ndiye aliyelishughulikia hili miaka mingi, na mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 wakaona inasaidia vizuri tu. Usiseme "nitasoma zaidi." Sema "nikimaliza kuswali alfajiri, nafungua daftari kabla sijashika simu." Na usikimbilie kuitangaza kwenye stetasi, manake huyo huyo Gollwitzer na wenzake mwaka 2009 walionyesha kwamba mtu anayetaka kuwa kitu fulani, wakili kwa mfano, nia yake ikishatambuliwa na wengine aweza kupunguza juhudi, kana kwamba ashakuwa. Mwambie mtu mmoja ambaye atakuuliza Ijumaa umefika wapi.

"Asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni 7 tu"

Hii inafundishwa mpaka kwenye semina za kulipia, na yaniudhi kwa sababu inawafanya watu wajifunze kusimama na kutabasamu badala ya kujifunza kusema jambo likaeleweka. Namba zatoka kwa Albert Mehrabian wa chuo cha UCLA, 1967. Alisikilizisha watu neno moja moja lililotamkwa kwa sauti tofauti, akawaonyesha na picha za nyuso, akauliza huyu msemaji anampenda mwenzake au hampendi. Basi. Ni juu ya hisia, pale neno na uso vinapopingana. Mehrabian mwenyewe amesema hesabu yake haihusu mazungumzo mengine. Ingekuwa kweli, tungetazama tamthilia za Kituruki bila tafsiri tukaelewa karibu kila kitu.

Maneno yana uzito, na hapa kwetu tatizo letu liko hasa kwenye maneno. Tumelelewa kwa adabu, hatupendi kumvunja mtu uso, kwa hivyo badala ya "siwezi" tunasema "tutaona", "nitakupigia", na hata inshallah, neno zito lenye jina la Mwenyezi Mungu ndani yake, tunalitumia kukataa kwa upole. Mwenzako akaenda kusubiri, akaahirisha mambo yake, mwisho akajua ulikuwa unamwondoa tu. Adabu inabaki vile vile ukisema, "Shangazi nisamehe, mwezi huu mchango sitauweza, lakini Jumamosi nitakuja kusaidia kupika." Na ukiahidi, ahidi kwa siku na saa, "Jumatano baada ya Alasiri nakuletea fomu, inshallah," hapo neno linarudi mahali pake.

Ya mwisho ni ile kwamba kiongozi ni mwenye sauti. Kwenye vyama vyetu vingi anayechaguliwa mwenyekiti ni msemaji, halafu kikao kizima anaongea yeye, wenye mawazo wanatoka nayo kama walivyokuja nayo. Adam Grant, Francesca Gino na David Hofmann mwaka 2011 waliangalia maduka ya piza kule Marekani wakakuta kwamba pale wafanyakazi walipokuwa na mawazo yao na wepesi wa kuanzisha mambo, mameneja wakimya ndio waliopata faida zaidi, kwa sababu walisikiliza. Pale wafanyakazi walipokuwa wa kungoja kuambiwa, wasemaji ndio waliofanya vizuri. Kwa hivyo kama wewe ni msemaji usijibane ukawa mtu mwengine, watazame tu watu uliopewa. Wakiwa na yao ya kusema, uliza swali, kisha nyamaza mpaka wa mwisho amalize, na anza na yule aliyekaa karibu na mlango ambaye kwa kawaida huwa hapewi nafasi.