Je, wajua kwa nini bangi ya Hindu Kush ni fupi na inanata?

Ukioneshwa mche wa bangi kutoka Mazar-i-Sharif, kaskazini mwa Afghanistan, huenda usiutambue. Bangi ya nchi za joto hurefuka kupita kimo cha mtu, matawi yake yameachana na vidole vya jani lake ni vyembamba. Huu ni mfupi, umejikunja kama kichaka, jani ni pana la kijani kizito, maua yamesongamana kama rungu. Ukiyagusa, mkono unanata. Dunia nzima huuita indika, yaani wa Kihindi, ingawa kwao si India.

Ufupi wake umetokana na majira. Bangi huchanua usiku unaporefuka. Karibu na ikweta, usiku na mchana hulingana takribani mwaka mzima, basi mmea hurefuka bila haraka. Kwenye mabonde ya Hindu Kush, safu ya milima inayopita Afghanistan yenye urefu wa kilomita 800 hivi, vuli ikipita kidogo tu jalidi huingia. Mche uliochelewa kuchanua hufa kabla mbegu hazijakomaa. Iliyobaki ni ile inayokomaa mapema, na inayokomaa mapema haipati muda wa kurefuka. Ukavu wa hewa nao uliyaachia maua yasongamane bila madhara. Mmea huohuo ukipandwa penye unyevunyevu, maua hushikwa na kuvu yakaoza kuanzia ndani.

Kunata kwake ni habari nyingine, na hapo mimi nampa sifa mkulima kuliko mlima. Afghanistan mazao yenyewe ni charasi, yaani donge la utomvu wa bangi. Mimea hukaushwa, kisha hupigwapigwa juu ya kitambaa ili vichwa vidogo vya vinyweleo vyenye utomvu vipenye chini kama unga. Unga huo hupashwa moto kidogo na kukandwa kwa mkono hadi uwe donge jeusi. Mmea wenye majani matamu kwa macho lakini unga haba hauna faida kwa mtu huyu. Alitunza mbegu za ule uliojaza kitambaa, na watoto wake wakafanya vivyo hivyo. Mwaka 2010 wapimaji wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa hekta moja Afghanistan hutoa kilo 145 za utomvu, wakati Moroko ilikuwa kama kilo 40.

Jina je? Mwaka 1785 Mfaransa Lamarck aliita *Cannabis indica* mimea iliyoletwa kutoka India, na hiyo ilikuwa ya majani membamba. Miaka ya 1970 mtaalamu wa mimea Richard Evans Schultes wa Harvard alifika Afghanistan, akaukuta huu mfupi, akaupa jina hilohilo. Likaganda.

Wavutaji husema indika hulaza na sativa, ile ndefu ya majani membamba, huchangamsha. Kinacholevya katika zote mbili ni kemikali iitwayo THC, iliyotengwa na wanakemia Mechoulam na Gaoni huko Israeli mwaka 1964. Hushika vipokezi vya ubongo, mdomo ukakauka, macho yakawa mekundu, moyo ukaenda mbio, njaa ikaja, kumbukumbu ya muda mfupi ikayumba. Bangi ya asili ya Afghanistan ilikuwa pia na CBD ya kutosha, kemikali isiyolevya. Machotara mengi ya sasa yamebaki na THC tupu, tena kali, na kwa vijana hatari ya kuugua akili huongezeka. Mwaka 2021 watafiti walipima sampuli karibu 300 kutoka Uholanzi wakaona jina la indika au sativa halitenganishi nasaba za mimea. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye harufu. Kwa hiyo anayeuziwa "indika ya usingizi" ameuziwa jina.

Kinachonisikitisha ni mbegu zenyewe. Wasafiri wa miaka ya 1960 na 1970 walizibeba hadi California na Uholanzi, zikachanganywa na za kwingine. Chavua ya bangi husafiri kwa upepo, na mbegu chotara zimeanza kurudi kwenye mashamba ya Asia ya Kati. Mwaka 2020 wataalamu wa mimea McPartland na Small waliiorodhesha bangi ya Afghanistan kwa jina la kitaalamu la *afghanica*, katika andiko hilohilo lililoiweka miongoni mwa mimea iliyo hatarini kutoweka.