Mpira wa kichwani ukiziba, tusikimbilie mpira mwingine

Mtoto mwenye mpira wa kichwani, yaani mrija uliopitishwa chini ya ngozi kuondoa maji yaliyojaa kwenye ubongo, akianza kutapika asubuhi, kulalamika kichwa na kusinzia mchana kutwa, sisi wapasuaji wa ubongo tuna jibu la haraka: umeziba, badilisha. Si jibu baya. Mipira hii huharibika sana; karibu nusu ya watoto hurudi chumba cha upasuaji ndani ya miaka 2 ya kwanza. Ila kabla sijaagiza mwingine, najiuliza kama mtoto huyu bado anauhitaji.

Nauliza hivyo kwa sababu amekua. Upasuaji wa kamera, ule wa kutoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo (vyumba ni nafasi za maji ndani ya ubongo) ili maji yapate njia nyingine, tunaupimia kwa alama za umri, chanzo cha ugonjwa na kama mtoto aliwahi kuwekewa mpira. Chukua mtoto wa miezi 3 ambaye mfereji wa kuteremshia maji kwenye chumba cha nne umebana. Umri unampa 10, chanzo 30, na kutowahi kuwa na mpira 10: jumla 50 kwa 100. Akiwekewa mpira, ukaja kuziba akiwa na miaka 7, zile 10 za mwisho anazipoteza, lakini umri sasa unampa 40. Anafika 70, yaani kwa makadirio watoto 7 kati ya 10 wa aina yake humaliza miezi 6 bila upasuaji huo kushindwa. Wapo wenzangu wanaoamini kwamba aliyekwisha kuwekewa mpira kamera imempita. Sikubaliani nao.

Aliyejaa maji baada ya homa ya uti wa mgongo ni habari nyingine, kwani chanzo chake hakimpi alama hata moja. Na kama vyumba vya ubongo vimesinyaa ilhali mpira umeziba, kamera haina pa kupita salama.

Kwa mtoto asiyewahi kuwa na mpira, sakafu ya chumba cha tatu mara nyingi ni nyembamba, unaona kabisa ateri ya basila, mshipa mkubwa wa damu wa ubongo, ikidunda chini yake. Kwa aliyekaa na mpira miaka mingi inaweza kuwa nene, isiyopenya mwanga. Ateri ipo palepale, ila huioni, na hapo mkono hauna haraka. Natoboa katikati, mbele ya vinundu viwili vyeupe, kisha napanua tundu kwa puto dogo. Chini kuna utando mwingine. Usipofunguka, tundu la juu ni kazi bure. Maji yakipita vizuri, kingo za tundu hupepea kwa kufuata mapigo ya moyo.

Mpira wa zamani je? Ncha yake huweza kushikana na tishu inayotengeneza maji ya ubongo, na kuivuta kwa nguvu ni kutafuta damu. Ukitoka kwa upole nautoa, ukikataa nauacha. Kama umeingia wadudu, huo hauna mjadala: unatoka, mtoto anapewa antibiotiki na maji yanatolewa nje kwa muda. Maambukizi yakiisha, kamera inanivutia zaidi, maana haiachi kitu kigeni mwilini.

Wazazi hushtushwa na picha ya baadaye: vyumba bado vikubwa! Baada ya kamera mara nyingi havipungui kama vinavyopungua kwa mpira. Mimi namtazama kwanza mtoto: anacheza, anakula, haoni vitu viwiliviwili? Kichwa kinaweza kuuma siku chache za mwanzo, lakini maumivu yakizidi badala ya kupungua, tunachunguza upya.

Tundu nalo huziba. Mengi yanayoziba hufanya hivyo miezi ya mwanzo, machache baada ya miaka, na hayo machache ndiyo yanayonitisha, kwa kuwa hali inaweza kugeuka ndani ya saa chache. Kwa hiyo naandika kwenye kadi ya kliniki, kwa herufi kubwa, tarehe ya upasuaji na kwamba mtoto ana tundu. Daktari wa zamu asiyegusa mpira wowote chini ya ngozi anaweza kudhani kutapika huko ni malaria.